Pikipiki ikilala, mwendo haulali

Mzazi, ukipita barabara ya Bukoba kwenda Muleba, tazama lami kwenye kona na miteremko. Hapa na pale utaona mikwaruzo mirefu iliyochimba lami. Hiyo si alama ya matairi. Ni chuma cha pikipiki iliyoanguka: kanyagio, usukani na bomba la moshi.

Wachunguzi wa ajali huipima mikwaruzo hiyo kwa futi kamba, kwa kuwa urefu wake husaidia kukadiria mwendo wa dereva kabla hajaanguka. Sisi wa upande wa afya tunaisoma kwa sababu nyingine: inaeleza kwa nini mgonjwa ameumia kiasi kile.

Vijiweni utasikia dereva akijisifu kwamba mambo yakiharibika "anailaza" pikipiki ili isigonge. Hesabu inamkataa. Kwenye lami kavu, tairi linalofungwa breki vizuri hushika barabara kuliko chuma kinachoburuzika. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki iliyo wima, breki zote mbili zikifanya kazi, huweza kusimama ndani ya mita 20 hivi. Iliyolala huburuzika mita 35 hivi, na haina usukani wala breki tena. Mvua ikinyesha, nayo Bukoba hainyimwi mvua, umbali wote huo huongezeka.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina habari njema. Kwa kilomita 30 kwa saa, pikipiki iliyolala huburuzika mita 9 tu. Mwendo ukipungua nusu, umbali hubaki robo. Hakuna dawa hospitalini yenye nguvu kama hiyo, na haiuzwi.

Kwa hiyo, mzazi, usione haya kumwambia dereva: "Kijana wangu, taratibu, hata tukichelewa." Wewe ndiye unayelipa nauli. Kataa mishikaki. Kanuni haziruhusu bodaboda kubeba mtoto aliye chini ya miaka 9. Aliye mkubwa avae kofia ngumu inayomtosha, na mkanda wake ufungwe kidevuni. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu.

Nawe uliyeanguka, ukafuta vumbi na kusema "niko salama," usiende kulala nyumbani kimya. Aliyeburuzika mbali alikuwa na mwendo mkubwa, na mwendo huo huweza kupasua bandama au kuvujisha damu kichwani bila jeraha kuonekana nje. Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Rubya au Ndolage, mweleze mhudumu ulikuwa mwendo gani, uliburuzika umbali gani na uligonga nini. Ukianza kutapika, kusinzia kupita kawaida au kuumwa tumbo, rudi mara moja, hata kama ni usiku.

Na sisi mashuhuda, tumwokoe majeruhi kwanza bila kumkunja shingo. Pikipiki tuiache ilipo mpaka polisi wapime, isipokuwa inahatarisha wengine. Ile mikwaruzo ni ushahidi wa familia inayodai haki, na ni onyo kwa dereva anayefuata. Lami imeshaandika, kazi yetu ni kusoma na kupunguza mwendo.