Dogo analia usiku? Mpe kreti, usimpe fimbo

Kama wiki hii macho yako ni mekundu kwa sababu nyumbani ameletwa mtoto wa mbwa, naye analia kuanzia saa nne usiku hadi jogoo la kwanza, vuta kiti. Ukurasa wa leo ni wako. Na wewe unayelala fofofo usiruke, maana ipo siku mshikaji wako atakuletea zawadi ya mbwa, ndipo utakapoitafuta safu hii kwa tochi.

Leo nawatonya kutoka Malambo, Wilaya ya Ngorongoro. Najua watoto wa mjini mkisikia Ngorongoro mnawaza kreta na magari ya watalii. Malambo ni kwingine kabisa: nyika, maboma ya Wamasai yaliyozungushiwa miiba, mbuzi na kondoo, na usiku fisi wanalia huko nje utadhani wana kikao. Huku mbwa si pambo la kupigia picha. Ni kengele ya boma.

Ndiyo maana koko alipoletewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, suala la usingizi likawa kesi ya familia. (Usicheke. Kwa Kimasai koko ni bibi, wala si yule mbwa koko wa mtaani kwenu.) Kaka yangu alitaka dogo atupwe nje azoee ukali wa maisha. Koko akakataa katakata. "Mjukuu wangu, ukimtupa nje leo, fisi anamla leo leo. Na ukimwacha alie kila usiku, watu watamzoea. Siku akilia kwa sababu ya chui, nani ataamka?"

Bwana wee, hilo neno si mchezo. Mbwa anayelia ovyo ni kama mtu mwongo, hata akisema kweli hasikilizwi. Mbwa wa ulinzi inabidi kwanza afundishwe kulala.

Sasa tujiulize, kwa nini analia? Si jeuri wala si pepo. Jana alikuwa amebanwa katikati ya ndugu zake, joto la mama linamfika hadi masikioni. Leo yuko peke yake gizani, sakafu ya baridi, harufu zote ngeni. Hata wewe siku ya kwanza bwenini ulilia, ila ulijifunika shuka wenzako wasisikie. Ukimchapa dogo hapo, unamfundisha kitu kimoja tu, kwamba usiku unatisha na wewe unatisha zaidi.

Dawa yake ni kreti. Sisemi ile ya soda. Ni sanduku la mbao lenye nafasi za kupitisha hewa, au hata tenga imara lililolazwa ubavu na kuwekewa mlango. Ukubwa wake dogo aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Usimjengee hoteli. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala, lakini ukimpa nafasi kubwa atalala kona hii na kona ile ataifanya choo. Ndani weka gunia safi au kitambaa cha zamani. Ukiweza kupata kitambaa alicholalia mama yake, umeshinda nusu ya vita, maana ile harufu inambembeleza.

Kwanza, mzoeshe mchana. Mlango ukiwa wazi, mpe chakula humo humo, aingie na kutoka atakavyo. Akiingia mwenyewe, msifie. Baadaye funga mlango dakika chache ukiwa karibu, kisha ongeza kidogo kidogo. Kreti isiwe jela. Ukimfungia kila anapokosea, usiku ataiona kama rumande na atapiga kelele mpaka balozi aje.

Pili, tengeneza jioni yake. Chakula cha mwisho apewe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Maji asinyimwe, ila usimjazie bakuli dakika ile ya kuzima taa. Mchezeshe achoke, kisha mtoe nje akojoe ndipo aingie ndani.

Tatu, na hii ndiyo siri yenyewe, siku za mwanzo kreti ilale karibu na mtu. Koko aliweka ya kwake kando ya kitanda. Dogo akinung'unika, bibi anashusha mkono, anamnusisha vidole, kimya. Baada ya siku kadhaa kreti ikasogea hatua moja kuelekea mlangoni, kisha hatua nyingine. Kama kwenu mbwa haruhusiwi ndani ya nyumba, weka kibarazani mahali pasipopigwa na mvua, na wewe lala upande wa dirisha ili akusikie.

Nne, jua kibofu chake. Mtoto wa miezi miwili hawezi kubana mkojo usiku kucha, hata umwombe kwa Kilatini. Saa mbili tatu hivi zinamtosha. Kwa hiyo akiamka baada ya usingizi mrefu na kuanza kukwaruza, mtoe. Taa ndogo, maneno machache, hakuna mchezo. Akimaliza, anarudi kulala. Ukianza kumchekea na kumrushia mpira saa nane ya usiku, kwa taarifa yako kesho saa nane atakudai tena. Wengi wakifikisha miezi minne hivi wanafika asubuhi bila kukuamsha.

Je, akilia na ametoka kukojoa sasa hivi? Subiri kidogo. Mara nyingi ni kunung'unika kwa usingizi na kutanyamaza kwenyewe. Lakini akilia kwa hofu, anahema na kutafuna mbao, usikaze shingo. Sogeza kreti karibu tena, uanze upya taratibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mnataka kujua wa koko yuko wapi? Ana miezi mitano, analala mlangoni kimya. Juzi usiku akabweka mara tatu, nzito nzito. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Kaka yule yule aliyetaka kumtupa nje akatoka mbio na rungu na tochi, akamkuta fisi ameshaingiza kichwa kwenye miiba ya zizi. Asubuhi mbuzi walihesabiwa, wote wapo. Kaka hakusema kitu, ila nilimwona anamgawia dogo maziwa.

Kuna faida nyingine ya kreti. Mbwa aliyelala ndani hazururi usiku akang'atana na mbweha au mbwa wa watu, na huko ndiko kichaa cha mbwa kinakopatikana. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, kupona ni karibu na muujiza. Basi dogo akifikisha miezi mitatu mpeleke kwa bwana mifugo achanjwe, na likipita tangazo la kampeni ya chanjo kabla ya hapo, mpeleke vilevile. Akikung'ata mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Muulize bwana mifugo na chanjo ya distempa pia. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua simba wapatao 1,000 huko Serengeti, karibu theluthi moja ya simba wote wa pale, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa kufugwa. Simba mzima na makelele yake, anaangushwa na ugonjwa wa Popi!

Kwa hiyo mshikaji, weka fimbo chini. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu, wa pili utasonya, wa tatu utaanza kuona mabadiliko. Wiki mbili tatu za subira unapata mlinzi wa miaka kumi na zaidi. Hata mwenye nyumba wako, yule anayegonga ukuta, atakusalimia tena.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Kwa sasa zima taa, ongea taratibu. Dogo kalala.