Matokeo Yarudi Kijijini

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mtwara.

Yah: Kusomwa kwa matokeo ya tafiti za afya kwenye mikutano mikuu ya vijiji

Ndugu Daktari,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa pwani hii inayoanzia Mikindani hadi Mto Ruvuma unapomwaga maji baharini. Nina ombi moja, lakini kwanza nieleze linakotoka.

Watu wa kusini tumehojiwa sana. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipita kaya zipatazo 226,000 katika wilaya tano: Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba. Waliuliza nani amezaliwa na nani amefariki. Kuuliza hivyo kwenye nyumba iliyozika mama ni jambo zito, na watu walijibu. Majibu yao yalionyesha kwamba kwa wanawake wanaoishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa wanaoishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422. Takwimu hizo zilichapishwa mwaka 2015, kwa Kiingereza. Mume aliyesimulia kifo cha mkewe alistahili kuambiwa kwa lugha yake kwamba umbali ulichangia, ili akasimame mbele ya diwani akiwa na namba mkononi.

Mtwara Vijijini haikuwa miongoni mwa wilaya hizo tano. Na hata ingekuwamo, umbali wa pwani yetu hausomeki vizuri kwenye ramani. Chukua Msangamkuu. Ukisimama ufukweni unauona mji wa Mtwara ng'ambo ya maji, na kwa mstari ulionyooka Hospitali ya Ligula iko karibu kabisa. Lakini kati yako na hospitali kuna ghuba. Kivuko kisipofanya kazi, mama aliyeshikwa na uchungu hubaki na mawili: mtumbwi, au mzunguko mrefu wa barabara. Msimbati wana mchanga unaokwamisha magari. Vijiji vilivyo karibu na Ruvuma vina mafuriko ya masika. Wavuvi wetu wanajua ni upepo upi unafunga njia na ni mwezi gani, ila sijawahi kukutana na dodoso linalowauliza hilo. Tukishirikishwa kutunga maswali, hilo lingekuwa la kwanza.

Kuna somo lingine ambalo nadhani ni kubwa kuliko hilo la umbali. Mradi wa INSIST ulitumia wanawake wa kujitolea kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani katika mikoa ya Lindi na Mtwara, wakiwashauri kuhusu kujifungua salama na kumtunza mtoto mchanga. Watu wa kusini walikuwa tayari wameanza kuitika: waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 41 mwaka 2007 hadi asilimia 82 mwaka 2013. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga havikutofautiana kwa kiwango chochote cha maana kati ya maeneo yaliyotembelewa na yasiyotembelewa. Watafiti walilisema hilo wazi, nami nawaheshimu kwa hilo. Hebu fikiria kama taarifa hiyo ingesomwa katika kila kijiji. Mama mmoja angeuliza: sisi tumekuja zahanati kama mlivyotuambia, je, ninyi mmeandaa nini ndani yake? Swali hilo lingehamisha lawama. Kwa miaka mingi tumehimizwa tubadilike sisi, na tumebadilika.

Kuwarudishia watu matokeo kunawezekana, kwa kuwa kumeshafanyika katika mkoa wako. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2014, mradi wa EQUIP ulikusanya takwimu za kaya na za vituo vya afya Tandahimba kwa mfululizo, ukazifupisha na kuzirudisha kwa timu za wilaya, za vituo na za watu wa kujitolea vijijini. Kila timu iliangalia hali yake, ikachagua tatizo, ikajaribu suluhisho lake, kisha ikapima tena. Matumizi ya dawa ya kuzuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua yaliongezeka. Mradi ulipofika mwisho, utaratibu ule haukupaswa kufungwa pamoja na fedha za wafadhili.

Ombi langu, Daktari, ni hili. Kila mtafiti na kila mtathmini wa afya hupita mkoani kabla hajafika kwetu. Ofisi yako ishauri kibali cha mkoa kiwe na sharti: matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji alikokusanya majibu, mganga wa zahanati na kamati ya zahanati wakiwapo, na muhtasari wake ubaki kwa mtendaji wa kijiji. Mkutano huo kisheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, hivyo hakuna gharama mpya ya kukusanya watu. Kisha wanakijiji wataje mambo wanayotaka yapimwe safari ijayo, na orodha yao iende kwenye mpango wa afya wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa.

Naomba mwanzo uwe Msangamkuu, Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma. Swali la usafiri wa mjamzito usiku liko tayari, na watu wa kulijibu wapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa pwani,
Mtwara Vijijini