Anayemwuguza Mzee Naye Atazamwe

Imekuwa desturi kuwalaumu wauguzi kila mzee anapotoka hospitalini akinung'unika kwamba alikemewa, ama kwamba aliita usiku kucha asiitikiwe. Malalamiko hayo yasikizwe, kwani Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Hata hivyo, sisi wa Ikutha na majirani zetu wa Mutomo na Kibwezi yatupasa kupiga hesabu kabla ya kulaumu.

Mzee aliyepooza hugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi hufa na vidonda vikachimba hadi mfupani. Tuseme kila mmoja huchukua dakika 10, na wodi ina wazee 10 wa namna hiyo. Mzunguko mmoja ni saa 1 na dakika 40. Walimu wa hisabati watanikosoa. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye dawa za kugawa na mama mja mzito anayemwita, atamwacha nani? Atamwacha asiyepiga kelele. Huyo aghalabu ni mzee, ambaye pengine hajui lugha nyingine ila Kikamba, tena huona haya kumwomba binti wa rika la mjukuu wake amsaidie kwenda haja.

Wauguzi walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni hadi Novemba, wengi tuliwaita wakatili. Sikumsikia hata mmoja akiuliza walikuwa wakifanya kazi wangapi kabla ya mgomo. Kisha Julai 2021 Kenya ikatia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka huko wauguzi wetu waliokosa ajira. Yaani mikono tuliyoisomesha, ikakosa kazi huku wodi zikiihitaji, ikawageuze vitandani wazee wa Leeds!

Afya imo mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo barua hii inakwenda Kitui na wala si Nairobi. Naitaka Serikali ya Kaunti ibandike kwenye mlango wa kila wodi idadi ya wauguzi wa kila zamu na idadi ya wagonjwa wao. Ianze na zamu ya usiku.