Mgonjwa naye aitwe kwenye kikao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua wananchi wengi vijijini. Jambo lenyewe ni desturi ya kumficha mgonjwa wa saratani ugonjwa wake, huku ndugu wakikaa vikao vya kumwamulia matibabu.

Ninayo sababu ya kuandika. Mjomba wangu, mkulima wa kahawa hapa Mbinga, alitokwa na doa jeusi kwenye unyayo, likawa kidonda kisichopona. Kilipopimwa kilionekana ni melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Kwa sisi watu weusi hupenda kutokea kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Mwaka huu ameanza kuumwa kichwa, kutapika na kuishiwa nguvu mkono wa kushoto. Picha imeonyesha kwamba ugonjwa umefika kwenye ubongo. Ndugu wote tunajua. Yeye anaambiwa ni malaria iliyopanda kichwani.

Sasa ukoo umegawanyika. Upande mmoja unataka shamba la kahawa liuzwe ili apelekwe India. Upande wa pili unataka arudishwe nyumbani, kwa kuwa ati saratani ikifika kichwani haina dawa. Mimi nasema pande zote mbili zimekosea jambo moja: mwenye kichwa, ambaye ndiye mwenye shamba, hajaulizwa.

Wanaosema haina dawa wangekuwa na haki kusema hivyo zamani. Wasomaji wengi wanamkumbuka Bob Marley, mwanamuziki wa Jamaika aliyepiga muziki kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980. Yeye aliuawa na ugonjwa huu huu. Ulianzia kwenye kidole gumba cha mguu, ukagunduliwa mwaka 1977, ukafika hadi kwenye ubongo, akafariki tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Dawa zilizopo leo hazikuwapo wakati ule.

Mwaka 2015 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipatikana na melanoma iliyofika kwenye ubongo akiwa na miaka 90. Alipigwa mionzi iliyolenga madoa yenyewe, akapewa na dawa ya dripu iitwayo pembrolizumab, ambayo huamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 100.

Wanaotaka shamba liuzwe wameushika mfano huo kwa mikono miwili. Nawaomba wausome wote. Madoa ya Carter yalikuwa manne, madogo sana, kama milimita 2. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 94 wa aina hii waliopewa dawa mbili za kinga kwa pamoja, nivolumab na ipilimumab. Wagonjwa 57 katika kila 100 uvimbe wao kichwani ulipungua, ulitoweka, au ulikaa miezi 6 au zaidi bila kukua. Ni habari njema. Lakini hao walikuwa bado hawana dalili, na zaidi ya nusu yao walipata madhara makali ya dawa. Kwa wale ambao tayari kichwa kiliwauma na viungo kulegea, waliofaidika walikuwa wachache zaidi. Tena melanoma ya unyayo huwa haizisikii dawa hizo vizuri kama ile ya ngozi iliyounguzwa na jua.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "Je, dawa ipo?" Maswali yanayofaa ni haya.

Kwanza, uvimbe ni mmoja au ni mingi, na mkubwa kiasi gani? Ukiwa mmoja mkubwa unaokandamiza ubongo, upasuaji huweza kumpa mgonjwa nafuu. Ikiwa michache na midogo, mionzi ya kulenga yafaa zaidi. Mionzi ya kichwa kizima huweza kudhoofisha kumbukumbu, na utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuiongeza baada ya uvimbe mmoja hadi mitatu kutibiwa hakukurefusha maisha.

Pili, je, saratani yenyewe imepimwa kama ina badiliko liitwalo BRAF? Wenye nalo wana vidonge vyao, ambavyo mara nyingi hupunguza uvimbe upesi, ingawa kwa wengi nafuu hiyo hudumu miezi tu. Wenye melanoma ya unyayo ni wachache walio na badiliko hilo.

Tatu, tiba hiyo yaweza kupatikana hapa nchini? Mionzi inatolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Upasuaji wa ubongo unafanyika Muhimbili. Yafaa tuulize huko kabla ya kumwita mnunuzi wa shamba.

Nne, na hili ndilo kubwa, mgonjwa mwenyewe anataka nini? Huenda anataka kujaribu kila kitu. Huenda anataka miezi yake aikae chini ya mikahawa yake, akipewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe kichwani na mofini ya maumivu. Nayo ni tiba, inaitwa tiba shufaa. Anayeichagua asiambiwe amekata tamaa, na ndugu zake wasiambiwe wamemtupa.

Wazee wetu wanasema ukimwambia mtu ana saratani utamwua kwa hofu. Nawaheshimu wazee, lakini mgonjwa si mtoto. Anauona mkono wake ukishindwa kushika jembe, anawaona watu wakinyamaza akiingia. Carter alitangaza ugonjwa wake mwenyewe mbele ya waandishi wa habari, na hofu haikumwua. Aidha, mtu anayedhani ana malaria hawezi kugawa mashamba yake, kulipa madeni wala kuwausia wanawe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ningeomba pia Wizara ya Afya ihimize madaktari wawaeleze wagonjwa wenyewe, kwa Kiswahili chepesi, kila njia iliyopo, faida yake, madhara yake na gharama yake. Mara nyingi ndugu mmoja huitwa pembeni, akanong'onezwa kwa haraka koridoni, kisha ukoo mzima hujenga uamuzi juu ya mnong'ono huo. Sisi walimu nasi tuwafundishe watoto kwamba doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha lipelekwe zahanati mapema, kabla halijafika mbali.

Kikao cha ukoo wetu kitakuwa Jumapili ijayo. Nimekwisha waambia wajomba zangu kwamba nitaomba kiti kimoja kiongezwe, naye mgonjwa aletwe akikalie.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga, Ruvuma.