Utepe ambao hatuupigi picha

Wadau, leo naomba nitoe la moyoni.

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto mzima, mama mzima, tukashangilia. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa usaha. Basi bwana, ndugu wakaanza: mara kanyanyuka mapema, mara kaoga vibaya. Kila mtu alimtafutia kosa mgonjwa. Hakuna aliyeuliza vifaa vilivyomchana vilitakaswaje. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, nilikaa kimya.

Sisemi vifaa ndivyo vilivyomponza. Bakteria wanaweza kutoka kwenye ngozi yake mwenyewe, au kwenye mikono ya mhudumu. Ila swali hatukuuliza. Na si yeye peke yake: mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda.

Wengi wetu tunadhani kutakasa vifaa ni kuvichemsha tu. Sivyo. Wapo bakteria, kama wale wa pepopunda, wanaojifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora, na maji ya nyuzi 100 hayawamalizi kwa uhakika. Ndiyo maana kuna otoklevu, mashine inayobana mvuke kwa presha mpaka ufike nyuzi 121 au zaidi, ukae hapo kwa muda uliopangwa. Vifaa vioshwe kwanza, kwa sababu damu iliyogandia huwakinga wadudu. Pakiti zitoke kavu, maana iliyolowa hupitisha bakteria. Umeme ukikatika katikati, mnaanza upya. Sasa fikiria ni saa nane usiku, mama anasubiri kuingia thieta, pakiti safi zimekwisha. Nani atakuwa na moyo wa kusema tuanze upya?

Hapo ndipo panapohitaji utaratibu, si moyo. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali katika miji minane duniani zilijaribu orodha ya WHO yenye mambo 19 ya kuhakiki. Ilikuwemo London, Toronto, Seattle... na Ifakara yetu! Kabla ngozi haijachanwa, timu inaulizana kwa sauti: utakaso umethibitishwa? Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4, na vifo kutoka 1.5 hadi 0.8. Kumbukeni, ile ni karatasi, si mashine ya mabilioni.

Sasa nigeukie kwetu waandishi. Tunapenda sana hafla za kukabidhi mashine. Mgeni rasmi anakata utepe, tunapiga picha, tunapewa soda, habari imekwisha. Kumbe kuna utepe mwingine, ule unaobandikwa kwenye pakiti ya vifaa na kubadilika rangi ukipata joto. Huo hatuuandiki. Na wenyewe hautoshi, kwani unaonyesha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto, si kwamba wadudu wote wamekufa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuweka kichupa chenye spora hai ndani ya mashine, kisha kuangalia kama zitaota. Zikiota, mashine haifanyi kazi, hata kama ing'ae vipi.

Dada alipona, baada ya wiki tatu za kusafishwa kidonda na sindano zisizoisha. Hajui nini kilimpata, na hatutajua kamwe.

Kwa hiyo hafla ijayo nikialikwa, nina maswali matatu tu: mashine ilipimwa kwa spora lini mara ya mwisho? Nani amefundishwa kuiendesha? Umeme ukikatika mnafanyaje? Wakininyima soda, poa tu.

Nawasilisha.