Tusikutane Misibani Tu

Majira haya ya joto, saa moja asubuhi Dar es Salaam ni saa sita usiku hapa Silver Spring, Marekani. Ndiyo maana habari za misiba ya wenzetu wa nyumbani hutukuta kitandani. Simu inatetemeka, unaiangalia kwa jicho moja, unakutana na picha ya mtu uliyesoma naye, amevaa joho la mahafali, na juu yake neno "Tanzia". Kabla hujamaliza kusoma, rambirambi zimeshaanza kumiminika kwenye grupu. Asubuhi mweka hazina anatuma namba ya kupokelea michango. Tunachanga, tunanyamaza, hadi tanzia nyingine itakapotuamsha.

Tahariri hii nawaandikia wanajumuiya wote mlio na grupu la namna hiyo kwenye simu zenu. Nitatumia darasa ninalolijua, la sisi tuliosoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980. Naamini waliotoka Muhimbili, Sokoine, Mzumbe, Mkwawa na Chang'ombe watajiona humu humu.

Darasa letu liliungwa mara mbili. Kwanza ni Jeshi la Kujenga Taifa. Tulikwenda kwa mujibu wa sheria, tumetoka kidato cha sita hatujui hata kufua vizuri. Huyu akapelekwa Mafinga kwenye baridi, yule Oljoro, mwingine Bulombora kule Kigoma. Alfajiri unakimbia mchakamchaka bega kwa bega na kuruta mwenzako ambaye jina lake hulijui, na baadaye unamkuta Mlimani kwenye foleni ya kafeteria, ameshika sinia, mnakumbatiana kama ndugu wa tumbo moja. Mara ya pili ni mwaka 1990, Chuo kilipofungwa na wanafunzi wote tukarudi makwetu. Hakuna aliyekuwa na simu. Tulichokuwa nacho ni sanduku la posta: la baba, la parokia, la shule ya msingi ya kijijini, la ofisi ya mjomba. Kabla ya kupanda mabasi tuliandikiana S.L.P. kwenye madaftari, na miezi ile yote tukaandikiana barua. Daftari langu ninalo mpaka leo, limevuka bahari pamoja nami. Kurasa zile ndizo grupu letu la kwanza, na ndani yake hakukuwa na tanzia hata moja.

Sasa tumefika sitini, wengine tumeipita. Nyumbani sitini ni umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, kwa hiyo wenzetu wengi wameshakabidhi ofisi na wanashinda shambani au barazani. Sisi wa huku wengi bado tunakwenda kazini, tena kwa zamu. Wao wana muda na hawana nauli, sisi tuna nauli na hatuna muda. Ukingoja mpaka kila mtu awe na vyote viwili, utangoja hadi kaburini.

Hapa Marekani tumejitahidi, na nawapongeza wanaohangaika kila mwaka kutafuta bustani ya kukodi wikendi ndefu ya Septemba, wakachoma nyama, wakapika pilau na ndizi. Ila pale tunakutana sisi kwa sisi. Nusu ya darasa, na kwa kweli zaidi ya nusu, iko Songea, Singida, Bukoba, Tanga na Dar. Wengine tulionana nao kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini pale uwanja wa ndege, wakati wao wamekuja kupokea jeneza na sisi tumelisindikiza. Kila mwanajumuiya anajua kusafirisha mwili kutoka huku kunagharimu maelfu ya dola, na hatujawahi kushindwa kuzichanga. Nasema hivyo kwa fahari. Lakini mkono unaoweza kuchanga kwa ajili ya marehemu unaweza kuchanga kwa ajili ya aliye hai.

Tulipoanza kuipanga safari ya pamoja nyumbani, tulikosea, na kosa lile lilikuwa letu sisi wa ughaibuni. Tulikaa kwenye simu watu saba, wote wa huku, tukapanga Serengeti, Ngorongoro na kumalizia Zanzibar. Bei tukaiandika kwa dola. Tukaituma kwenye grupu usiku, tukalala na furaha. Asubuhi majibu yalikuwa ya watu wa Maryland, Virginia, London na Toronto. Nyumbani kimya. Siku ya pili, ya tatu, kimya. Nikampigia mwalimu mmoja mstaafu wa Songea, mtu ambaye zamani hakuweza kuona mjadala ukapita bila kusimama. Akaniambia, "Kaka, mimi nitawaombea safari njema." Hakulalamika. Maneno hayo yalinikaa kifuani wiki nzima, maana tulikuwa tumeandaa safari ya darasa ambayo darasa lenyewe lingeitazama kwenye picha.

Tukaifuta, tukaanza upya. Safari hii mipango yote tuliikabidhi kwa wenzetu wa nyumbani, mweka hazina akawa mstaafu wa Dar, na hesabu zote zikawa za shilingi. Machi 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Nashauri kila darasa lijiwekee kanuni hiyo hiyo. Bei ikiandikwa kwa shilingi, anayeishi kwa pensheni anaisoma mara moja na anajua kama anaiweza. Ikiandikwa kwa dola, anajua tu kwamba hakuhesabiwa.

Ikawa Julai 2025. Tulikutana Mlimani kwanza. Ukumbi wa Nkrumah upo pale pale, ule uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Mmoja wetu alikuwa ametunza noti moja tangu siku aliyokwenda kumwona mwanawe akihitimu, akaitoa mfukoni tukaipokezana, ingawa Benki Kuu ilishaiondoa kwenye mzunguko Aprili ile. Tukatembea taratibu hadi mabwenini, maana magoti ya watu kadhaa hayapendi tena mlima ule. Kila kona mtu alikuwa na lake: hapa tuligombania magari ya chai maharage kwenda mjini, hapa fulani aliangusha mahindi ya kuchoma akayaokota akaendelea kula.

Kesho yake tukapanda treni ya SGR hadi Morogoro, nauli ya kawaida shilingi 13,000, chini ya saa mbili, na kutoka pale mabasi madogo mawili hadi Mikumi. Hiyo ndiyo safari aliyoweza mwalimu wa Songea, na alikuja. Alikuja pia mjane wa mwenzetu mmoja tuliyemzika miaka michache iliyopita. Kulikuwa na waliouliza kama inafaa, kwa kuwa hakusoma nasi. Ndani ya treni aliketi dirishani, na watu wakaanza kumsimulia habari za mumewe alivyokuwa kuruta: jinsi alivyokuwa akiimba mchakamchaka kwa sauti ya kupasua, jinsi alivyogawa blanketi lake Mafinga. Miaka zaidi ya ishirini ya ndoa, na yale hakuwahi kuyasikia. Alilia, akacheka, akaomba arudiwe. Tangu siku ile hakuna anayeuliza tena kama wajane na wagane wa darasa wana nafasi.

Getini Mikumi palitokea jambo ambalo waliochukua uraia wa huku wanalifahamu. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo. Mwenye pasipoti ya kigeni hulipa cha wageni, mara nyingi zaidi. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo watu waliolala kambi moja na kula ugali wa sufuria moja walipanga foleni mbili, kama walivyofanya siku chache kabla, pale uwanja wa ndege, wengine wakilipia viza ya dola 100 kuingia nchi waliyozaliwa. Niliona nyuso zikishuka. Mwalimu wa Songea naye aliona. Tulipotoka hifadhini jioni akasimamisha basi, akanunua mahindi ya kuchoma ya watu wote kwa fedha yake, akasema, "Leo mimi ndiye mwenyeji wenu." Hakuna aliyethubutu kumrudishia.

Najua wapo watakaosema fedha hizi zingelipa ada za watoto au kumalizia nyumba. Ni hoja ya mtu mwenye majukumu, naiheshimu. Lakini safari yetu, ukitoa tiketi ya ndege ambayo wengi wetu hununua kila baada ya miaka miwili kwenda kuona wazazi na ndugu, ilitugharimu pungufu ya tunachokitumia kwa kitchen party moja. Na mwenye uwezo akitaka kumlipia mwenzake, amwambie mweka hazina peke yake, jambo liishie hapo. Kumtangaza mtu kwenye grupu kwamba amelipiwa ni kumzuia asije safari inayofuata.

Neno la mwisho ni kuhusu walio kimya. Katika kila grupu wapo wanaosoma na hawaandiki. Wengine walikatisha masomo na wanaona aibu kujiita wahitimu. Wengine wanauguza, wengine kisukari kimewachukua macho na wanasomewa ujumbe na wajukuu. Hao ndio wa kupigiwa kabla tarehe haijapangwa.

Toleo la Oktoba la jarida hili litatenga kurasa mbili kwa safari za madarasa za Julai mwakani. Leteni tarehe, njia, na bei kwa shilingi. Na Jumapili hii chagua jina moja lililonyamaza mwaka mzima, upige. Ukipiga saa tatu asubuhi ya hapa, kule ni saa kumi jioni, jua limepoa na mwenzako yuko barazani.