"Complete Removal" ni kamili kwa nani?

Wapenzi wa Linux, leo nina la kulalamika.

Wiki jana jirani yangu mwenye saiba alinipigia simu saa mbili usiku. "Fundi, mashine imesahau kila kitu!" Mashine yenyewe ina Debian na inaendesha Squid, ile programu inayosimama kati ya kompyuta za wateja na intaneti na kuzuia tovuti asizozitaka. Squid ilikuwa inamsumbua, akaamua kuitoa aiweke upya. Akafungua Synaptic, akabonyeza kulia, akakuta machaguo mawili: "Mark for Removal" na "Mark for Complete Removal". Akachagua la pili. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Si nilitaka itoke vizuri?"

Sasa hapo nimlaumu vipi?

Chaguo la kwanza linaondoa programu lakini linaacha faili za mipangilio ndani ya /etc. La pili linafuta na hizo pia. Kwa hiyo squid.conf, aliyoijaza sheria kidogo kidogo kwa miaka miwili, ikaenda na maji. Nakala hakuwa nayo (msicheke, wengi wenu pia hamna).

Kichekesho ni kwamba hiyo "kamili" wala si kamili. Toa Firefox kwa njia hiyohiyo, halafu angalia: historia na nywila ulizohifadhi bado ziko kwenye folda yako ya nyumbani. Aliyetaka kubakiza kitu amepoteza, na aliyetaka kufuta kila kitu ameacha siri zake.

Najua kuna watakaosema asome mwongozo. Mimi pia naandika programu na naujua uvivu wetu: tunachukua jina la amri, hapa ni purge, tunalitafutia neno la kupendeza, basi. Mtumiaji anataka kujua kitu kimoja tu, nikibonyeza hapa nitabaki na nini? Mimi ningeandika "Ondoa programu, bakiza mipangilio" na "Ondoa programu na mipangilio yake ya mfumo". Ni ndefu, ndiyo. Lakini skrini za leo ni pana. Na ndugu mnaotafsiri kwa Kiswahili, tafadhali msituandikie "uondoaji kamili", mtakuwa mmetuhamishia tatizo lilelile.

Tulikaa na jirani mpaka saa tano tukiandika squid.conf upya. Sheria za kompyuta ya pale kona bado hajazikumbuka.